Plagi za gari ya petroli: zinaisha lini, unazichekije na unabadilisha vipi mwenyewe (hasa wenye IST na ndugu zake)

Wengi tunaonunua gari zilizotumika Japan tunamwaga oili kwa wakati, hilo tumelizoea, ila ukimuuliza mtu plagi za gari yako zilibadilishwa lini anakuangalia tu. Plagi zinachoka polepole sana na wewe unaizoea gari ilivyo, leo imekosa nguvu kidogo, mwezi ujao kidogo tena, huoni tofauti, mpaka siku umepakia familia mnapandisha mlima Kitonga ndo inaanza kumisi (silinda inaruka zamu yake ya kuwaka) na taa ya injini inawaka. Alafu hapo unapelekwa kwenye koili (zinazozipa plagi umeme), nozo (zinazopulizia petroli), pampu ya mafuta, unatoa hela kote huko wakati kitu chenyewe kilikuwa plagi.

Nitatumia injini ya Toyota ya 1NZ-FE ya lita 1.5 kama mfano, maana ndo iko kwenye IST, Spacio, Raum, Probox, Premio na Allion nyingi tunazoendesha, ina silinda 4 na kila plagi ina koili yake juu. Gari nyingi za petroli za miaka hiyo zinafanana nayo kwa hii kazi. Kama gari yako ni dizeli haina plagi za cheche, ina zile za kupasha moto injini wakati wa kuwasha, huu mwongozo haukuhusu.

KWANZA UELEWE INAISHAJE

Plagi ina ncha katikati na mkono mdogo uliojikunja juu yake, cheche inaruka kutoka moja kwenda nyingine. Kila cheche inaondoka na kipande kidogo sana cha chuma. Sasa piga hesabu, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kila plagi inapiga cheche mara 1,500 kwa dakika hiyo moja. Na ukiwa umesimama kwenye foleni ya Ubungo injini iko kwenye mizunguko kama 700, bado kila plagi inapiga mara 350 kwa dakika, yani saa nzima ya kusimama ni cheche 21,000 na kilomita kwenye dashibodi haijaongezeka hata moja. Ndo maana nasema kila siku, kilomita peke yake zinadanganya kwa gari ya mjini, na kwa gari ya biashara ya kubeba abiria wanaoita kwa simu zinadanganya zaidi.

Ncha ikilika gepu (ile nafasi kati ya ncha na mkono) inapanuka. Gepu ikipanuka koili inalazimika kusukuma volti nyingi zaidi ili cheche iruke, inapata moto, inachoka, ndo unasikia mtu anabadilisha koili moja leo, mwezi ujao nyingine, na anailaumu koili. Na pale cheche isiporuka kabisa, petroli ambayo haijaungua inatoka inaenda kuungulia kwenye masega ya eksozi (kile kichujio cha kusafisha moshi), masega yanapata joto kupita kiasi yanayeyuka au yanaziba, na gari inakuwa kama imekabwa koo. Kwa hiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapo ndo kinaua vya bei kubwa.

HATUA YA 1: JUA PLAGI ZILIZOPO NI AINA GANI

Hapa ndo watu wanachanganyana sana, mmoja anasema kilomita elfu 20 mwingine anasema laki, na wote wako sahihi, wanaongelea plagi tofauti.

Za kawaida ni za nikeli. Ncha yake ni nene, karibu mm 2.5. Hizi ni kilomita 15,000 hadi 20,000 basi, hata Japan kwenyewe kwenye barabara safi na petroli safi ndo wanapendekeza hivyo. Injini nyingi za 1NZ za kule zilitoka na hizi, Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11 (Denso na NGK ni watengenezaji wa plagi).

Za iridiamu ncha yake ni nyembamba kama sindano, mm 0.4 hadi 0.7 hivi. Ila usikimbilie kusema laki moja. Kuna iridiamu ambayo ina madini hayo upande mmoja tu, yani ncha ya katikati, mkono wa juu ni nikeli ya kawaida. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya cheche nzuri na kuwaka vizuri, haina umri wa laki kwa sababu mkono wake unalika kama wa plagi yoyote. Ya laki ni ile yenye madini ya thamani pande zote mbili, ukiangalia chini ya mkono, sehemu inayotazamana na ncha, unaona kipande kidogo kimechomelewa, cha platinamu au iridiamu. Kama hakipo, usiiache mpaka laki hata muuza spea aape vipi.

Na namba zinasomeka, zisikutishe. BKR5EYA-11, hiyo 5 ni daraja la joto, E ni urefu wa thredi (yale meno ya kukazia) mm 19, R maana yake ina rezista ndani ya kuzuia kelele za umeme, 11 mwishoni ni gepu ya mm 1.1. Kwa Denso K16R-U11, 16 ndo daraja la joto, na 16 ya Denso ni sawa na 5 ya NGK, 20 ni sawa na 6. Namba kubwa ni plagi baridi zaidi, inatoa joto haraka, namba ndogo ni ya moto zaidi. Hayo madaraja usiyachezee, weka ile kiwanda kilisema.

HATUA YA 2: JIWEKEE RATIBA YAKO

Ukishusha gari bandarini huna historia yake. Fungua mlango wa dereva uangalie pembeni ya fremu, au kwenye boneti, mara nyingi kuna stika ya gereji ya Japan imeandikwa tarehe na kilomita za kumwaga oili mara ya mwisho, hiyo inakusaidia kuona kama kilomita za dashibodi zina ukweli. Kuhusu plagi haikuambii kitu. Kwa hiyo gari mpya kwako, chomoa plagi uangalie wiki ya kwanza, usisubiri.

Baada ya hapo, kwa matumizi yetu:

- Nikeli: chomoa ucheki kila 10,000, badilisha 15,000 hadi 20,000. Kama gari inafanya biashara mjini, usivuke 15,000.
- Iridiamu ya upande mmoja: cheki 20,000, na mimi nabadilisha 40,000 hata kama inaonekana bado ina uhai.
- Iridiamu au platinamu ya pande mbili: imeandikwa 100,000, ila chomoa uiangalie 50,000, na kwa foleni za hapa mjini naona 80,000 inatosha.

Vitabu vya gari vyenyewe vina ratiba mbili, ya kawaida na ya mazingira magumu, na mazingira magumu waliyoandika ni vumbi, barabara mbovu, safari fupi fupi, na kuunguruma muda mrefu bila kutembea. Jamani, hayo si ndo maisha yetu ya kila siku? Ratiba ya kawaida haituhusu sisi.

Wa bodaboda mnaosoma, zenu ni fupi zaidi, kilomita 3,000 hadi 5,000, injini ya pikipiki inazunguka haraka sana.

HATUA YA 3: DALILI

Asubuhi inachelewa kuwaka. Ikiwa imesimama inatetemeka, usukani unausikia mkononi, alafu ukikanyaga mafuta inatulia. Mlimani inakata kata. Mafuta yanaisha haraka kuliko zamani kwa njia ile ile. Taa ya injini inawaka, na ikianza kuwaka na kuzima (ile ya kupepesa) punguza mwendo utafute pa kusimama, maana hapo gari inakuambia inamisi kiasi cha kuunguza masega saa hiyo hiyo.

Ukipima kwa mashine ya kusoma kodi za hitilafu, P0300 ni misi isiyochagua silinda, P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo. Silinda ya kwanza kwenye 1NZ ni ile iliyo upande wa mikanda.

HATUA YA 4: KUNUNUA BILA KUPIGWA

NGK na Denso feki zimejaa madukani na boksi zake zinapendeza kuliko oji. Usiangalie boksi, angalia plagi yenyewe. Washa yake (ile ringi ya chuma chini) kwenye oji imebanwa, inazunguka ila haitoki kirahisi, feki nyingi unaifungua kwa vidole inatoka kama nati. Angalia ncha ikae katikati kabisa ya mkono, isiwe imeenda upande. Maandishi kwenye kaure (ile sehemu nyeupe) yawe makali, sehemu ya chuma iwe na namba ya toleo iliyogongwa vizuri.

Na kama una malti mita nenda nayo, weka kwenye omu, gusa kichwa cha juu na ncha ya ndani. Plagi yenye R kwenye jina lake inasoma kilo omu kadhaa, mara nyingi karibu na 5. Ikisoma sifuri hiyo rezista haipo, rudisha hapo hapo. Hiki kipimo muuzaji mkweli hakikasiriki nacho.

Nunua zote 4 za aina moja. Usichanganye mbili mpya na mbili za zamani.

HATUA YA 5: KUCHOMOA

Vifaa: spana ya 10, racheti na eksitensheni ndefu, soketi ya plagi namba 16 yenye mpira au sumaku ndani, fila geji (vipande vyembamba vya kupimia gepu), na kitu cha kupulizia upepo. Torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kama unaweza kuazima.

Injini iwe imepoa kabisa. Hili nalisisitiza kwa sababu kichwa cha injini ni cha aluminiamu, kikiwa cha moto thredi zake zinaumia kirahisi ukichomoa plagi, na thredi ikitoka na plagi hapo umeingia kwenye kazi kubwa ya kutoboa na kuweka bushi. Iache usiku, fanya asubuhi.

Toa kava ya plastiki juu. Chomoa soketi ya waya ya koili kwa kubonyeza kile kilimi, kimezeeka kwa joto kinavunjika haraka, kibonyeze taratibu usikivute waya. Fungua bolti ya 10, zungusha koili kidogo kushoto kulia alafu ivute juu moja kwa moja.

Kabla hujagusa plagi, puliza upepo kwenye lile shimo. Mchanga wa barabara zetu unakaa mle chini kuzunguka plagi, ukifungua tu unadondokea ndani ya silinda na kwenda kusaga ringi. Fundi anayefungua bila kupuliza mzuie, hata kama ana haraka, hata kama atanuna.

Fungua plagi robo mzunguko, kama ni ngumu sana weka tone la mafuta ya kulegeza kutu, irudishe kidogo, subiri, fungua tena. Fanya moja moja na uzipange mezani kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya nne, usizichanganye. Mpangilio huo ndo ripoti ya injini yako.

HATUA YA 6: ZISOME

Hapa ndo raha ya kazi yenyewe ilipo. Kwa kuangalia plagi 4 tu unajua injini inaishije ndani.

Kahawia ya mchanga au kijivu, kavu, hiyo ni afya. Angalia tu kulika, kama kona za ncha zimekuwa duara na fila geji ya 1.3 inapita kwenye plagi ya 1.1, umri wake umeisha hata kama rangi ni nzuri.

Nyeusi kavu kama masizi ya jiko, unaifuta na kidole inatoka, petroli inazidi hewa, au gari inatembea safari fupi tu za kwenda dukani. Plagi inajisafisha yenyewe ikifika joto kama nyuzi 500, na haifiki huko kwa safari ya dakika 5. Anza na ea klina, ikiwa imejaa vumbi tayari umepata mchawi wako, ikiwa safi cheki nozo na sensa za hewa na oksijeni.

Nyeusi yenye mafuta mafuta, hapa kuwa makini kuangalia mafuta yako wapi. Kama yako juu, kwenye kaure na kwenye koili, ni mipira ya mashimo ya plagi kwenye tapeti kava (kava la juu ya injini) imekauka, kazi ndogo. Kama yako chini kwenye ncha, oili inapita ndani, ni sili za valvu au ringi za pistoni. Plagi mpya haitatibu hilo, itakaa muda mfupi itarudi vile vile. Na ukishauriwa uweke plagi ya moto zaidi ili iunguze hayo mafuta, kataa, ni kuficha ugonjwa.

Nyeupe pe, kaure ina malengelenge au ncha imeyeyuka, injini inachemka kupita kiasi au inapata hewa nyingi kuliko petroli, au umewekewa plagi ya daraja siyo. Usifunge plagi mpya ukaondoka, tafuta sababu kwanza, maana inayofuata kuyeyuka ni pistoni.

Nyekundu nyekundu kama kutu, mara nyingi ni dawa za kuongeza oktani zenye madini ya chuma au manganizi, uliongeza wewe au ilikuja na mafuta.

Kuna na ule mstari wa njano hudhurungi kwenye kaure nje, pale inapokutana na chuma. Watu wanauzwa plagi mpya kwa huo mstari wakiambiwa presha inavuja. Haivuji, ni vumbi la oili linalovutwa na umeme wa volti kubwa, halina shida yoyote.

Plagi moja ikiwa tofauti na wenzake watatu, tatizo ni la silinda ile. Zote zikifanana kwa ubaya, tatizo ni la injini nzima, hewa au mafuta.

Na kitu kinachoniuma sana, plagi ya iridiamu kupigwa msasa au brashi ya waya. Ile ncha ni nyembamba, unaikata au unaipinda, na hela uliyolipa yote umeisugua chini. Iridiamu chafu inabadilishwa. Ya nikeli ukiwa njiani umekwama unaweza kuifuta taratibu ufike nyumbani, sawa, ila hayo siyo matengenezo.

HATUA YA 7: KUFUNGA MPYA

Cheki gepu kwanza. Ya nikeli unaweza kurekebisha kwa kuupinda mkono wa juu kidogo, bila kugusa ncha. Iridiamu iache ilivyotoka kiwandani, kama gepu haiko sawa irudishe dukani. Na plagi iliyodondoka sakafuni usiiweke, kaure inapata ufa ambao hauuoni kwa macho.

Usipake grisi ya shaba wala oili kwenye thredi. Plagi za sasa zimepakwa kinga tayari, na thredi ikiwa na utelezi unakaza kupita kiasi bila kujua.

Ingiza kwa mkono, kwa eksitensheni bila racheti, au chomeka kichwa cha plagi kwenye kipande cha mpira wa mafuta uzungushe nacho, ikikosea thredi mpira unateleza wenyewe hauharibu. Inatakiwa iingie laini mpaka ikalie. Ikigoma mapema rudi nyuma uanze upya, usilazimishe kamwe.

Ikishakalia, plagi mpya yenye washa unaikaza nusu mzunguko, isizidi theluthi mbili. Kwa torki renchi, Newton mita 20 hadi 25 kwa hii ya thredi ya mm 14. Ukirudisha plagi iliyokwisha tumika, washa yake ilishaminywa, kaza kidogo tu, kama saa moja kwenye uso wa saa. Injini mpya zaidi zina plagi nyembamba ya thredi ya mm 12 na soketi ya 14, hizo zinataka 15 hadi 20 tu.

Kulegea nako ni hatari, plagi iliyolegea haipeleki joto kwenye kichwa, inaungua.

Rudisha koili, sukuma mpaka usikie imekaa, funga bolti ya 10 kwa mkono mwepesi, chomeka soketi mpaka ilie.

HATUA YA 8: WASHA USIKILIZE

Iache iungurume dakika chache, alafu itembeze barabara ya wazi. Ikiwa bado inamisi na mashine inasoma P0302 mfano, hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, futa kodi, endesha tena. Kodi ikihamia P0303 koili ndo mbovu, nunua hiyo moja. Ikibaki P0302, na plagi ni mpya, nenda kwenye nozo, alafu upime presha ya silinda.

Siku hiyo hiyo badilisha au pulizia ea klina, na usafishe thrito (mlango wa hewa ya injini) kama ina masizi. Na ukienda kuosha gari wakataze kupiga injini maji ya presha, maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi yanakaa humo, na gari iliyokuwa nzima inatoka pale inatetemeka.

Kwa wenye Subaru za injini ya kulala, plagi ziko pembeni, nafasi ni finyu, mara nyingi utatoa betri na boksi la hewa kwanza. Wenye V6, benchi la nyuma (safu ya silinda za nyuma) huwa linataka kutolewa manifoldi ya juu (mabomba ya kuingiza hewa), kwa hizo mbili kama huna uzoefu mlipe fundi ila kaa naye. Na kwa V6 weka za pande mbili moja kwa moja, hiyo kazi huitaki kila 20,000.

Ukimaliza, chukua kipande cha tepu nyeupe, bandika chini ya boneti, andika jina kamili la plagi, kilomita na tarehe ya leo, na chini yake andika kilomita za kucheki tena. Zile plagi 4 za zamani ziweke kwenye mfuko zikiwa na namba za silinda zake, ukija kuchomoa hizi mpya utazilinganisha, kama silinda ile ile imeanza tena kuwa nyeusi utakuwa na cha kumwonyesha fundi.